Chupa ya Mvinyo Mpya Iliyokwenda Pasiansi

Alhamisi, 14 Novemba

Imebaki wiki moja. Nimeahidi jambo nisiloweza kulitimiza, na niliyemwahidi ni Kokulinda.

Maelezo kwa ufupi, ili kumbukumbu ziwe sahihi. Kokulinda Rugambwa, binti wa mtaa wa Pasiansi niliyesoma naye chuo hapahapa Mwanza, sasa yuko Lyon, Ufaransa, kwa shahada ya pili. Leo asubuhi ameniandikia kwamba Alhamisi ijayo, ya tatu ya Novemba, Wafaransa wanafungua Beaujolais Nouveau: mvinyo mwekundu, mchanga, wa zabibu zilizochumwa majuzi tu. Kabla ya siku hiyo hakuna anayeruhusiwa kuuuza. Siku yenyewe ikifika, watu husimama barabarani na glasi mikononi, kwenye baridi, wakicheka na wasiowajua. Akauliza, kwa utani nadhani, kama huku Mwanza habari hizo zimefika.

Ningeweza kujibu hapana. Neno fupi, la heshima. Nikajibu kwamba zimefika zamani, kwamba hotelini kwetu tunaufungua kila mwaka, na kwamba ningefurahi tukinywa pamoja kwa simu ya video, saa moja jioni ya huku.

Akarudisha nyuso za kucheka na moyo mmoja. Moyo! Nimeutazama tangu chai hadi kufunga kazi. Swali: je, huwatumia watu wote? Sina takwimu.

Tangu aondoke nimemweleza habari za mvua, za sangara, na za kupandishwa kwangu cheo (ambako hakujatokea). Neno lenyewe sijamwambia. Alhamisi nitalisema, glasi mkononi, kama mtu wa dunia.

Tatizo dogo: hotelini kwetu hatujawahi kufungua mvinyo wowote isipokuwa ule mtamu wa boksi.

Ijumaa, 15 Novemba

Kikao na meneja, Bi Bernadeta. Nilijitambulisha kama Mratibu wa Utamaduni wa Vinywaji. Akasema kwa kumbukumbu zake mimi ni msaidizi wa masoko wa muda, na muda wenyewe unaelekea ukingoni. Sikutetereka. Nikawasilisha pendekezo: Jioni ya Mvinyo Mpya, ya kwanza katika Kanda ya Ziwa. Nikasema "Kanda ya Ziwa" mara nyingi, kwa sauti ya chini, kama wafanyavyo viongozi.

Machibya aliitwa kutoa maoni ya kitaalamu. Machibya ni msimamizi wa baa, Msukuma wa Sengerema, mpana wa mabega na mpole wa sauti. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama kinywaji cha majuzi, chepesi, chenye utamu wa matunda, si ndicho mama yake hukiita togwa. Bi Bernadeta alicheka hadi akavua miwani.

Baadaye, koridoni, Machibya akaniita Profesa mbele ya wageni. Akaongeza kwamba Mhaya akipewa maji ya kunywa, kwanza huyatolea hotuba. Nikamjibu kwamba Msukuma akipewa glasi ya mvinyo hutafuta ng'ombe wa kumnywesha. Akacheka, akasema hiyo nzuri, ataitumia. Hakukasirika. Hilo ndilo linaloniudhi kwake. Hakasiriki!

Hata hivyo: IMEKUBALIWA. Katoni moja, kutoka kwa mwagizaji wa Dar es Salaam, kwa ndege. Nimempa taarifa Kokulinda kwamba maandalizi ya "mwaka huu" yanaendelea vizuri.

Jumapili, 17 Novemba

Kanisani. Benchi alilokuwa akikaa Kokulinda sasa linakaliwa na familia yenye watoto watukutu. Nimewachukia bila sababu ya msingi. Zamani nilikuwa nikikaa nyuma yake kidogo, upande wa dirisha, na wakati wa kupeana amani aligeuka akanipa mkono. Ndiyo sababu nilipapenda mahali pale. Leo nilipewa mkono na bwana mmoja mwenye mafua.

Nje nilimkuta baba yake Kokulinda, Mzee Rugambwa, mkaguzi mstaafu wa shule. Mzee huyu husahihisha matangazo ya parokia kwa kalamu nyekundu. Nikamwamkia shikamoo, nimeinama kiasi cha kuzungumza na viatu vyake. Akaitikia marahaba, akauliza mimi ni mtoto wa nani. Huniuliza kila Jumapili. Nikajieleza upya, kuanzia babu. Nilipofika kwa baba yangu alikuwa ameshaingia kwenye gari.

Lakini fikra kubwa huzaliwa katika fedheha! Kwetu Kagera rubisi mpya, pombe yetu ya ndizi, ikiiva, vijana hawaigusi kabla wazee hawajaonja. Je, mvinyo mpya usiwe na adabu hiyo? Chupa ya kwanza katika Kanda ya Ziwa itakwenda Pasiansi, kwa Mzee Rugambwa. Ataonja. Atanikumbuka. Atamwambia binti yake kwamba yuko kijana hapa.

Nimeanza kuandika hotuba.

Jumanne, 19 Novemba

Katoni imefika! Niliipokea mwenyewe uwanja wa ndege na kuipakata kama mtoto njia nzima hadi hotelini. Chupa zina karatasi za rangi za maua, changamfu mno kwa hadhi ninayoikusudia, lakini Wafaransa wana sababu zao.

Machibya alitaka tufungue moja, tuhakikishe haijaharibika safarini. Nikakataa katakata. Nikamfafanulia kwamba mvinyo huu una mwiko: hadi Alhamisi! Akauliza nani atatuona. Nikasema dhamiri. Akasema sawa, basi dhamiri inisaidie kubeba makreti ya soda.

Kisha nikawa na haja naye, jambo ambalo sikulipenda. Kwenda kwa mzee peke yangu, nimekumbatia chupa kifuani, ni kama kwenda kukopa. Msemaji hapaswi kubeba mzigo. Nahitaji mtu wa kubeba, na Machibya ana pikipiki. Nimemwomba kwa lugha rasmi. Amekubali, mradi asilazimike kusema lolote, maana wazee wa Kihaya humtia woga. Anasema hata kukohoa mbele yao hukohoa kwa sarufi.

Nimemhakikishia kwamba hatahitajika kufungua mdomo. Kazi hiyo ni yangu.

Alhamisi, 21 Novemba, mchana

Ushindi! Naandika haraka, kabla maandalizi ya jioni hayajanimeza.

Tulifika Pasiansi asubuhi. Chupa nilikuwa nimeifunga kwa jani la mgomba, likafungwa kwa ukamba wake. Ulaya na Kagera katika kifurushi kimoja! Machibya alikuwa tayari amevaa sare ya jioni: suti nyeusi, shati jeupe, tai ya kipepeo. Nilimwonya kwamba amezidisha. Akasema hatapata muda wa kurudi kubadili. Akakaa kwenye ukingo wa kochi, chupa magotini, macho chini.

Mzee Rugambwa alilitazama jani la mgomba kwa muda mrefu. Akamtazama Machibya. Kisha akamwita dada yake, Shangazi Leonsia, anayeiendesha nyumba hiyo tangu mama yake Kokulinda afariki. Shangazi alipoiona chupa alirudi ndani, akatoka amevaa kitenge kingine, kizuri zaidi. Heshima ya namna hii kwa mvinyo!

Nikasimama. Hotuba ilitoka kama maji. Nilisema sisi ni vijana tuliokuja kwa unyenyekevu. Nilisema tulichobeba kimetoka huko huko aliko binti yao, na kwamba katika ugeni wake wote tunaomba ajue anakumbukwa. Nilisema kitu kilichoiva hakifai kukawizwa. Nilisema tunaomba waonje, na wakiridhika watupe baraka zao, kisha wengine washerehekee. Shangazi alifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Mzee akamuuliza Machibya kwao ni wapi. Machibya akanitazama. Nikajibu: Sengerema, ukoo wa wafugaji, watu wasio na makuu. Akamuuliza kazi yake. Nikajibu: msimamizi, ana watu chini yake, na pamoja na kukaa katikati ya chupa mchana kutwa, hanywi kazini. Shangazi akauliza anasali wapi. Nikasema pikipiki yake ina rozari. Maswali yote kwa mbebaji, kwangu halikuja hata moja! Nilichukulia kwamba wanamwonea huruma kwa ukimya wake. Kumsifu mpambe humwinua mkuu wake, hivyo nilimsifu bila choyo.

Kisha mzee akafungua. Akanusa, akafumba macho. Akauliza ni nani aliyewafundisha Wafaransa kutia ndizi humu. Akanywa. Akasema hii ni rubisi iliyokwenda shule. Shangazi akaonja, akasema, waitu, ni tamu kweli, lakini haiwezi kumwangusha hata kuku. Mzee akamaliza glasi yote, akaigeuza kuonyesha haina kitu, kisha kwa mkono wake mwenyewe akammiminia Machibya. Mimi nilimiminiwa mwisho, kidogo, chini ya chupa. Nilipeleka glasi mdomoni ikawa nimemaliza.

Wakati wa kuaga, Shangazi alimpa Machibya senene wa kukaanga, wa msimu huu, wamefungwa vizuri. Mimi nilipewa mkono. Lakini mzee alisema, na nanukuu neno kwa neno, kwamba vijana wanaojua kuzungumza namna ile wamebaki wachache. Hakuniuliza mimi ni mtoto wa nani. Hakuuliza!

Njiani Machibya alinipigia kelele kutoka mbele, kupitia upepo, kama senene huliwa na vichwa. Sikumjibu. Nilikuwa naliangalia ziwa, lilikuwa na rangi ya bati jipya, na nikawaza kwamba jioni hii Kokulinda atajua kila kitu.

Alhamisi hiyohiyo, baada ya chakula cha jioni

Nilijipanga kwenye mawe ya ufukweni nyuma ya hoteli, glasi moja, simu imeegemezwa. Saa moja ikafika. Akapiga.

Alikuwa barabarani, na kofia ya sufu imevutwa hadi kwenye nyusi. Nyuma yake watu wengi, taa, mtu mmoja akipuliza tarumbeta vibaya. Amekonda kidogo. Nilisahau jinsi anavyoinua kidevu kabla ya kucheka. Sikusahau, niliweka mbali. Tukagonganisha glasi na vioo vya simu. Tukanywa.

Niseme ukweli hapa, maana hakuna anayesoma. Ni mvinyo mwepesi, una ubaridi wa zabibu ambazo bado hazijaamini kwamba zimekuwa mvinyo. Halafu ndizi inakuja, taratibu. Ndizi mbivu, ya rubisi. Nikapaona nyumbani.

Na yeye akashusha glasi. Akasema kwa sauti ndogo kwamba unanukia kama uani kwa babu yake kule Kamachumu, siku ya kukamua ndizi. Akasema huko kila mtu anafurahi, na yeye anatamani kurudi nyumbani hata kwa jioni hii moja tu. Macho yake yaling'aa. Akauliza: na wewe, Venant, unasikia nini?

Neno lilikuwa hapa, kooni. Nilikuwa nikisikia hayo hayo. Nilikuwa nikisikia kwamba jiwe nililokalia lina nafasi ya mtu wa pili.

Nikamwambia kwamba zabibu hizo huitwa Gamay, na kwamba hazipondwi kwanza, bali huachwa zichachuke zikiwa nzima.

Akasema: sawa.

Nilikuwa najiandaa kulisema mara hiyohiyo. Naapa. Lakini Bi Bernadeta akatuma ujumbe kwamba wageni wamekaa na wanasubiri hotuba yangu ya ufunguzi, na kama siji sasa atamwita yule wa kupiga kinanda. Kumkatia simu Kokulinda kungekuwa utovu wa adabu. Machibya alikuwa akipita na ndoo ya barafu. Nikamkabidhi simu, nikamwagiza amshughulishe mgeni kwa dakika chache.

Hotuba ilipokelewa vizuri. Ilianza na Warumi. Bwana mmoja wa migodini aliuliza katikati kama inaruhusiwa kunywa wakati ninaendelea.

Niliporudi nilisikia kicheko chake kabla sijawaona. Kile cha kidevu. Machibya alikuwa amevua viatu, amesimama majini hadi magotini na suruali yake ya sare, ameinyoosha simu kuelekea ziwani: mawe, giza linaloingia, karabai za wavuvi wa dagaa zinaanza kuwashwa moja moja. Alikuwa hasemi chochote. Kokulinda alikuwa akimwelekeza: kushoto kidogo, ngoja, hapo, usitikisike.

Mimi nilikuwa nimemwonyesha lebo ya chupa.

Alipoaga alisema baba yake alimpigia mchana, amefurahi ajabu, anasema kuna habari lakini mhusika mwenyewe ndiye atakayemwambia. Akauliza kama najua ni nani huyo mwenyewe. Nikatabasamu kwa hekima. Nikasema atamjua hivi karibuni.

Ijumaa, 22 Novemba

Shangazi Leonsia amekuja hotelini. Mapokezi walinipigia kwamba kuna mama anamtafuta mshenga. Nikasema hatuna mfanyakazi wa jina hilo. Wakasema ananionyesha kwa kidole kupitia kioo.

Akaketi. Akasema ukoo umekaa. Sasa wanataka kujua wazee wa upande wa kijana watakuja lini kutoka Sengerema, ili ajue apike kwa watu wangapi.

Nikauliza, kijana yupi.

Akanipiga begani, akasema, acha utani wako, mshenga, huyo wa tai ya kipepeo. Akasema tangu lini mwenye shida akajisemea mwenyewe? Anayeoa hukaa kimya na kushika kinywaji. Anayesema ni mshenga. Yeye mwenyewe aliolewa kwa utaratibu huo, na mama yake pia. Akasema yeye na kaka yake wameona washenga wengi, wengine wamekuja na karatasi, lakini hawajawahi kumwona aliyemwombea mwenzake kwa moyo kama mimi. Kaka yake alikuwa na mashaka na Msukuma, lakini nilipofika pale kwenye rozari, akalegea.

Nilitafuta kiti. Nilikuwa nimekikalia.

Nikauliza, kwa sauti ambayo sikuitambua, kama Kokulinda ameambiwa. Ameambiwa leo alfajiri. Alicheka mpaka akashindwa kupumua, anasema Shangazi. Kisha akauliza kama ni yule aliyeingia ziwani na viatu mkononi. Kisha akasema hawezi kusema ndiyo kwa mtu aliyemwona mara moja kwenye simu. Hakusema hapana. Alisema angalau huyo anasikiliza.

Nilikwenda baa moja kwa moja. Machibya alikuwa akifuta glasi. Nilipomweleza alikaa chini kwenye kreti. Akasema, Profesa, mimi nilibeba chupa tu. Kisha akaanza kucheka, akasema hawa Wahaya ni watu wa ajabu, kwao Sengerema mtu huswaga ng'ombe miaka na bado anaulizwa maswali, na yeye ameozwa kwa glasi ya mvinyo. Nikasema hajaozwa! Nikasema huu ni mkanganyiko wa kiitifaki! Akaacha kucheka. Akanitazama vizuri, akaniuliza kama mimi mwenyewe nina jambo na yule dada. Kwamba kama lipo, nimwambie sasa hivi, yeye ataondoka njiani, hana ugomvi.

Swali la moja kwa moja. Mtu ameniuliza, uso kwa uso, mchana kweupe.

Nikamwambia kwamba uhusiano wangu na Kokulinda ni wa kitaaluma zaidi.

Akafuta glasi nyingine. Akasema haya. Kisha, akiangalia kaunta, akauliza Ufaransa saa hizi ni saa ngapi.

Jumapili, 24 Novemba

Sikulala vizuri, lakini nimeamka na mwanga akilini. Nilikosea wapi? Nimeipitia hotuba ya Alhamisi sentensi kwa sentensi. Kosa liko wazi. Ilikuwa fupi mno.

Kanisani Mzee Rugambwa alinijia mwenyewe, akaniita mshenga mbele ya watu, akanishika mkono kwa mikono miwili. Nilitaka kumweleza palepale, kwenye ngazi. Lakini maneno ya namna ile hayasemwi kwenye ngazi. Yanahitaji mahali, mpangilio, na utangulizi. Nimemwomba aniruhusu nije tena Jumamosi kwa maelezo ya ziada. Akasema ndiyo utaratibu, njooni, karibuni sana.

Jana jioni nilimpigia Kokulinda. Simu ilikuwa inatumika. Ilitumika muda mrefu. Nilikwenda kukaa kule kwenye mawe na chupa moja iliyobaki, sikuifungua, nikaishika tu. Wanasema mvinyo huu hautunzwi, unywewe mapema. Upepo ulitoka ziwani. Kama ungekuwa na adabu ungetoka Lyon.

Hotuba mpya imekamilika. Inagusa Warumi, zabibu, mila zetu na maana ya upambe, kisha kuelekea mwisho, katika sentensi moja iliyojengwa kwa uangalifu mkubwa, nitadokeza kwamba huenda yupo kijana mwingine ambaye naye angestahili kufikiriwa. Sitamtaja jina. Wasikilizaji makini watatambua.

Kwenda peke yangu hakutapendeza. Nimemwomba Machibya anisindikize, abebe chupa hii iliyobaki. Amekubali bila masharti, na ameomba kuja na baba zake wadogo wawili kutoka Sengerema, watakaovuka kwa kivuko Ijumaa, ili maelezo yangu yawe na mashahidi. Ni wazo la busara kuliko nilivyomtarajia. Nimemshukuru.

Watakaa kimya wote watatu. Nitazungumza mimi.